Raha ya Kuwalisha Ndege wa Porini Nyumbani Kwetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi, walimu na wanafunzi mjini Jinja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa LC, yaani baraza letu la mtaa, walimu wetu, wazee wangu, ndugu zangu wakazi wa Jinja, na ninyi wanafunzi mlioketi huku mbele, nawasalimu nyote kwa heshima. Mliniomba nizungumze juu ya bustani za nyumbani, na bustani ni jambo pana lenye udongo wake, maji yake, mbegu zake na magonjwa yake. Kwa ruhusa yenu nitabaki katika sehemu moja tu, nayo ni ile pembe ya bustani ambapo ndege wa porini hufika kula na kunywa. Hiyo ndiyo sehemu iliyonipa furaha kuliko nyingine zote, nami naamini furaha hiyo iko karibu na mlango wa kila mmoja wetu, awe mwenye uwanja mpana au mwenye kibaraza chenye vyungu vichache vya maua.

Najua kwamba nazungumza na watu ambao wengi wao walilelewa katika kazi ya kuamia ndege. Aliyekulia Butaleja, Bugiri, au upande wowote unaolimwa mpunga, mtama na ulezi, anakumbuka kuamka kabla ya jua, kushika teo au kopo lenye kokoto, na kupiga kelele mpaka sauti ikakauka, kwa sababu kundi la kwelea kwelea halina huruma na shamba la mtu. Ndege mmoja wa aina hiyo hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, kiasi ambacho hakijazi hata kiganja cha mtoto, lakini kundi likifika ndege milioni moja, tani 10 zimekwenda kabla ya jua kutua. Simlaumu mkulima anayewafukuza, wala sitaki mtu atoke hapa akidhani kwamba nimekuja kumwambia awakaribishe kwelea kwelea shambani mwake. Ninachosema ni kwamba kazi ile ya utotoni ilitufundisha kuwajua ndege kwa migongo yao, wakiwa wanaruka kwenda zao, na wengi wetu tumezeeka bila kuwaona usoni. Kuwalisha ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuwaona usoni.

Tena tumejaliwa. Uganda ni nchi ambayo eneo lake halifiki kilomita za mraba 250,000, maziwa yakiwemo, lakini aina za ndege zilizoonekana humu ni zaidi ya 1,000, kwa kuwa misitu ya Afrika ya Kati inakutana hapa na mbuga za Afrika ya Mashariki, na katikati yake kuna maziwa, vinamasi na milima mirefu. Watu hutoka nchi za mbali, wakalipa nauli ya ndege na malipo ya mtumbwi, ili wamwone korongo nyangumi kwenye kinamasi cha Mabamba. Ni jambo jema, na linaleta fedha za kigeni. Hata hivyo husikitika ninapomwona Mganda mwenzangu akidhani kwamba ndege ni shughuli ya watalii wenye darubini, ilhali kwenye ua wa nyumba yake wamo shore, kwera, mshigi, chozi, tetere na kurumbiza, ambao hajawahi kuwapa hata dakika moja ya macho yake.

Kuna hoja moja ambayo husikika kila mara, nayo ni ya haki. Watu huuliza: kwa nini nimlishe ndege ambaye Mungu amekwisha kumlisha? Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini desturi hii ilishika mizizi kwa sababu ya majira ya baridi, theluji inapofunika ardhi na ndege mdogo aliyekosa chakula mchana anaweza asiione asubuhi. Sisi hatuna majira hayo. Jinja iko chini ya digrii moja kutoka Ikweta, mchana wetu na usiku wetu karibu ni sawa mwaka mzima, na hata katika miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, hakosekani mdudu wala tunda la kuanzia siku. Kwa hiyo nasema wazi mapema: ndege wetu hawatuhitaji ili waishi. Anayeweka sinia la nafaka akijiona mwokozi amejidanganya. Lakini ukweli huo haupunguzi raha. Kwangu mimi ndio unaoizidisha. Ndege akitua mezani kwako hapa Uganda, amekuja kwa hiari yake, angeweza kwenda kwingine, na amepima uwanja wako, mbwa wako, watoto wako na wewe mwenyewe, akaona kwamba panafaa. Hicho ni kibali ambacho hakinunuliwi, na anayekipata kila asubuhi ana sababu ya kuamka.

Nianze na kuzumburu, yule ndege wa rangi ya kahawia mwenye kishungi kichwani na mkia mwembamba unaouzidi mwili wake kwa urefu. Wenye mipapai humchukia, kwa kuwa hutoboa papai kabla mwenyewe hajalichuma. Mfungie kipande cha papai lililoiva kupita kiasi kwenye tawi kwa kamba ya mgomba, kisha ukae kimya hatua chache kutoka hapo. Hawaji mmoja mmoja. Huja kundi zima, wakifuatana kutoka kichaka hadi kichaka kwa mstari. Wakishika tawi hawakai wima kama ndege wengine, bali hujining'iniza, miguu ikiwa imepanda karibu na mabega na tumbo likiwa wazi mbele. Vidole vyao vya nje huweza kugeuka mbele au nyuma, ndiyo maana hutambaa kwenye vijiti bila kujali juu ni wapi na chini ni wapi. Asubuhi baada ya usiku wa mvua utawaona wamejipanga wamegusana, matumbo wameyaelekeza juani, kwa sababu joto lile huwasaidia kusaga majani na matunda waliyokula, na usiku hulala wamebanana katika fungu moja ili wasipoteze joto. Mtu aliyemtazama kuzumburu kwa namna hii bado atayafunika mapapai yake kwa magunia, kama mimi ninavyoyafunika, lakini hatamrushia jiwe tena.

Kisha yuko kwera, yule wa manjano mwenye kichwa cheusi, ambaye hujenga makundi ya viota juu ya mitende na hata juu ya barabara zetu zenye kelele. Yeye hupenda mtama na chenga za mchele, na akizoea meza yako utapata nafasi ya kuona ufundi wake wote. Dume hutua ukingoni mwa jani refu la mtende au la nyasi, hukata pengo dogo kwa mdomo, huushika uzi wa jani kwa nguvu, kisha huruka, na kule kuruka kwenyewe ndiko kunakouchana uzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa nyuzi hizo husuka kwanza pete ya kusimamia, halafu chumba, halafu mlango wa chini. Kikiwa bado kibichi huning'inia mlangoni akipiga mabawa na kuita, na jike huja kukagua. Anaingia, anavuta nyuzi hapa na pale, anatoka. Asipokipenda, kiota hunyauka na kugeuka rangi, na dume hukibomoa mwenyewe uzi kwa uzi, akaanza kingine mahali pale pale. Nimewaona watoto wasioweza kutulia darasani wakakaa kimya kabisa kutazama ukaguzi huo, wakisubiri kujua kama jike atakubali.

Lipo jambo moja kuhusu kwera ambalo kila mwenye kuweka nafaka anapaswa kulijua. Yeye hula mbegu, lakini vifaranga wake huwalisha wadudu, na ndivyo walivyo ndege wengi wa bustani wanaoonekana kama walaji wa nafaka tu. Mtama wako, hata uwe mwingi kiasi gani, haumlei kinda. Kinacholea makinda ni viwavi, panzi na buibui waliomo katika majani yako, na anayenyunyizia dawa ya wadudu bustani nzima kisha akaweka sinia la mtama ametoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Nami naona hapa ndipo raha hii inapomwongoza mtu kwenye bustani bora: unaanza na sinia, unaishia kuutazama ua wako wote kwa macho ya anayekula humo.

Chozi ndiye aliyenifundisha hilo. Huyu ni ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, na dume wa aina ile yenye kifua chekundu, akipigwa na jua la saa mbili asubuhi, huwaka kwa namna ambayo sijaona kitambaa cha kuilinganisha nayo. Wapo wanaomtengea maji ya sukari kwenye chupa. Mimi sipendekezi, kwa sababu katika joto letu maji hayo huchacha upesi na yanahitaji uangalizi ambao wengi wetu hatuna nafasi nao. Mpandie maua. Mshubiri humea hata kwenye chungu kilichopasuka, na maua yake marefu ya rangi ya chungwa humvuta chozi siku ile ile yanapofunguka. Mti ambao Waganda huuita jjirikiti huchanua maua mekundu kabla ya majani yake kurudi. Kifumufumu, ambalo wengi huling'oa kama gugu, hupanga maua yake kwa mafundo ya mviringo juu ya shina, na chozi hupanda fundo hadi fundo akiingiza mdomo katika kila ua. Wala wenye migomba wasijione masikini, maana ua la mgomba wa matoke lina asali ya kutosha, na mtu aliyesimama kimya migombani atamwona chozi amening'inia kwenye kikonyo, kichwa kimezama chini ya kola ya zambarau, akitoka na chavua kipajini.

Mwenye nafasi zaidi na apande mutuba. Mti huu tunaujua kwa ajili ya nguo ya magome, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, lakini mutuba ni mtini, na mtini unapozaa ni karamu. Ninga huja wakiwa kijani tupu, usiwaone mpaka wasogee. Hondohondo huja kwa mvumo wa mabawa unaosikika kabla hujawaona. Shorobo wa kijivu mwenye mdomo wa njano hucheka juu ya kilele mpaka nyumba ya tatu ikasikia. Hupandwa kwa kuchomeka gogo bichi ardhini, kama wazee wetu walivyofanya kandokando ya mashamba, na jambo la kuzingatia ni kuuweka mbali na ukuta na tangi la choo, kwa sababu mizizi yake ina nguvu.

Kurumbiza haji mezani. Yeye ni wa chini, kwenye majani makavu, na kwa sababu hiyo nawaomba akina mama na akina dada wa nyumbani, ambao hufagia ua kila alfajiri mpaka udongo ukang'aa, waache pembe moja chini ya ua wa michongoma bila kufagiwa, mbali kidogo na mlango kwa ajili ya tahadhari ya nyoka. Malipo yake ni wimbo wa kurumbiza, ambao dume na jike huimba kwa kupokezana kwa ulinganifu hata msikilizaji akadhani ni ndege mmoja, na huuimba gizagiza, kabla ya mwadhini na kabla ya bodaboda ya kwanza.

Na zipo siku ambazo huna haja ya kuweka chochote. Mvua za Machi au Septemba zikianza, kumbikumbi hutoka ardhini, nasi wote tunajua furaha yake, maana hata binadamu huwasubiri kwa ndoo. Wakati huo ndege wa kila aina hushuka: shore, kwenzi, mkesha, kunguru, mwewe anayedaka kwa kucha huku akiruka, na mbayuwayu waliotoka Ulaya kukaa nasi katika miezi ya baridi ya kwao. Walaji wa mbegu na walaji wa matunda, wote siku hiyo hula nyama. Ningependa kila mwalimu awatoe wanafunzi nje kwa nusu saa siku ya namna hiyo, kwa kuwa hakuna somo la sayansi litakalofundisha mengi zaidi kwa bei hiyo.

Maji ni muhimu kuliko nafaka, hasa kiangazi. Chukueni jerikeni la njano lililotoboka, mlikate mlalo mpate sinia la kina kifupi, mweke humo mawe machache ya kukanyagia, na maji yasizidi kina cha vidole vitatu, kwa sababu ndege mdogo huogopa maji asiyoona mwisho wake na huteleza kwenye plastiki tupu. Mliweke mahali peupe ili paka asiweze kunyatia, lakini karibu na mti wa kukimbilia. Maji yamwagwe na kubadilishwa kila siku. Baadhi yenu mmeniuliza juu ya mbu, na jibu ni hilo hilo: yai la mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi hadi kuwa mbu mwenye mabawa, hivyo maji yanayomwagwa kila asubuhi hayazai mbu. Saa ya kukaa na kutazama ni alasiri, jua linapopungua makali. Shore hutangulia, yule wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Hujitosa, hujikung'uta, hutoka, hurudi, na wengine husubiri ukingoni kwa zamu ambayo hairidhishi kila mmoja.

Sasa niseme juu ya chakula chenyewe, nami nawaomba mnivumilie, kwa sababu hapa raha inaweza kugeuka madhara. Nafaka nzuri ni mtama, ulezi na chenga za mchele. Matunda ni papai, bogoya (ndizi tamu) iliyoiva sana na pera. Mabaki ya chakula chenye chumvi na mafuta, kama chipsi na samosa, yasiwekwe, na mkate hujaza tumbo bila kulisha. Kiasi kiwe konzi moja au mbili asubuhi, kiishe kabla ya mchana kugeuka. Kinacholala mezani usiku kinaita panya, na panya wanaita nyoka.

Jambo ambalo silegezi kabisa ni kuvu. Tumezoea kusema kwamba mahindi au karanga zilizooza, zisizofaa kwa mtu, zinafaa kwa ndege. Hazifai. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuelewa, na walipochunguza chakula chao ikaonekana kwamba sumu ilitoka kwenye mashudu ya karanga yaliyoingia kuvu. Hivyo ndivyo wanasayansi walivyoitambua sumukuvu, ile ile tunayohimizwa leo kuikinga kwenye maghala yetu kwa sababu huharibu ini la binadamu. Ndege ndio waliotangulia kufa, nasi tukapata kujua. Kwa hiyo karanga iliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo izikwe, isitupwe mezani kwa ndege wala kwa kuku.

La pili ni usafi. Huko huko Uingereza, ambako mamilioni ya nyumba huwalisha ndege, kuanzia mwaka 2005 chiriku wa kijani walianza kufa kwa kimelea kiitwacho Trichomonas gallinae, ambacho hushambulia koo mpaka ndege asiweze kumeza. Kimelea hicho hukaa zaidi kwa njiwa, na hupita kutoka ndege hadi ndege kwa mate yaliyobaki kwenye chakula na maji ya pamoja. Chiriku yule, aliyekuwa wa kawaida katika kila bustani, mwaka 2021 aliingizwa katika orodha nyekundu ya nchi hiyo, yaani ya ndege wanaohitaji ulinzi zaidi. Waliowalisha walikuwa watu wenye mapenzi ya dhati, na meza zao zikawa mahali pa maambukizi. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu njiwa na tetere wamejaa hapa Jinja, nao watakuja. Sinia lisuguliwe kwa sabuni na maji ya moto angalau mara moja kwa wiki, likaushwe juani kabisa, na meza ihamishwe mara kwa mara ili kinyesi kisirundikane chini yake. Mkimwona ndege amejivimbisha manyoya, anashindwa kumeza au haruki anapokaribiwa, ondoeni chakula na maji kwa wiki mbili au zaidi, wageni watawanyike.

Wenye kuku wana wajibu wa ziada. Januari mwaka 2017 mafua ya ndege ya aina ya H5N8 yaligunduliwa hapa Uganda, kwanza kwa ndege wa majini waliokufa kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria upande wa Entebbe, kisha kwa kuku na bata wa Masaka. Meza ya ndege wa porini isiwe juu ya banda wala mahali ambapo kuku huokota chini yake, na mkono uliosafisha sinia unawe kwa sabuni kabla haujagusa kitu kingine. Ndege aliyekufa bila sababu asiguswe na mtoto. Aarifiwe ofisa wa mifugo.

Nyama nayo isiwekwe kamwe. Kalooli, yule korongo mkubwa mwenye kipara, na mwewe wana kazi yao kubwa kwenye majalala na machinjio ya miji yetu, na wanaifanya bila mshahara, lakini hakuna jirani atakayekushukuru ukimleta kalooli juu ya bati lake.

Yupo pia mgeni mmoja mdogo ambaye huwachosha wenye meza, naye ni fumbwe, dume lenye mkia mweusi mrefu kuliko mwili, ambaye hufukuza kila anayetua ingawa hawezi kula yote. Msimfukuze. Jike lake hutaga katika viota vya mshigi, yule ndege mdogo mla mbegu, na jamaa zake, na kumfuatilia ni kufuatilia hadithi nzima ya bustani.

Wapo wanaoniambia kwamba wanapenda ndege, nami nikifika nyumbani kwao naonyeshwa kasuku wa kijivu ndani ya tundu. Tusichanganye mambo hayo mawili. Biashara ya kimataifa ya kasuku huyo anayekamatwa porini imekatazwa tangu nchi za dunia zilipokubaliana mwaka 2016 kumpa ulinzi wa juu kabisa, na Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Korongo taji, ambaye tumemweka katikati ya bendera yetu tangu mwaka 1962 na ambaye ni mwiko wa ukoo wa Ng'aali katika Buganda, ameorodheshwa tangu mwaka 2012 kuwa ndege aliye hatarini kutoweka, na moja ya sababu ni watu kumkamata ili wapambe naye bustani. Ndege aliyekatwa mabawa yuko kwako kwa kuwa hana pa kwenda. Raha ninayoizungumzia leo haipo kwake, kwa sababu yote imejengwa juu ya uwezo wake wa kuondoka.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nimeuona ukweli wa maneno hayo kwa wazee walio peke yao mchana, watoto wakiwa kazini na wajukuu shuleni. Kiti kikiwekwa mahali ambapo meza ya ndege inaonekana, mzee anapata habari za kusimulia jioni: mshigi wawili wamekuja hadi kizingitini, mkesha amempiga mwenzake, kipanga amepita na wote wamenyamaza. Mgonjwa aliyelala muda mrefu hupata kitu kinachobadilika mbele ya macho yake bila kumchosha. Na mtoto hujifunza kusubiri, jambo ambalo simu haimfundishi. Sidai kwamba ndege hutibu. Nasema kwamba humtoa mtu ndani ya mawazo yake kwa muda, na wengi wetu tunahitaji muda huo kila siku.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nisichukue wakati zaidi. Pale chini ya mwembe kuna miche ya mshubiri na magogo mabichi ya mutuba, na kila nyumba ichukue inachoweza kutunza. Walimu wangu, nawaomba kila darasa liwe na daftari moja la ndege, liandikwe tarehe, saa, hali ya mvua, aina ya ndege na kile alichokuwa akila. Daftari hilo litakuwa na faida zaidi shule ikishiriki siku ya kuhesabu ndege ambayo shirika la NatureUganda huiandaa. Wanafunzi, msipojua jina la ndege, mchoreni mdomo wake na miguu yake kwanza, kisha rangi, kwa maana rangi hudanganya kivulini. Sasa niko tayari kwa maswali, na kama Mwenyekiti ataruhusu, tuanze na wale wenye kuku, kwa sababu wao ndio wanaopaswa kuamua leo meza itakaa upande gani wa nyumba.